Nataka tredmili ya nyumbani, bajeti mwisho milioni 2: mafundi na waliotumia njooni hapa

Mama_Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nimeamua kununua mashine ya kukimbilia, ikae ndani. Natoka kazini saa moja usiku, na huku kwetu giza likishaingia hakuna mwanamke anayekimbia barabarani kwa amani. Pili, daktari amemwambia mume wangu atembee angalau dakika 150 kwa wiki kwa ajili ya presha. Yeye ana kilo 108, mimi 74. Kazi kubwa itakuwa kutembea, mimi nitakimbia kidogo kidogo.

Jumamosi nimezunguka Kariakoo mpaka miguu imevimba. Kila duka naambiwa hii HP 4, hii HP 5, hii ina spika za bluetooth, hii ina mkanda wa kutingisha tumbo. Mashine mbili zimeandikwa HP 4 zote, moja laki tisa, nyingine milioni moja na laki nane. Nikiuliza tofauti naambiwa "hii ni ya kisasa zaidi dada". Nitazame nini? Na matunzo yake yakoje? Sitaki igeuke kamba ya kuanikia nguo.

Chalii_wa_Moshono

Dada barabara ni bure. Raba jozi moja, amka saa kumi na moja alfajiri. Hela iliyobaki nunua kiwanja.

Mama_Kimara

Kaka umesoma aya ya kwanza au umekimbilia kujibu?

Mzee_wa_Tegeta

Ngoja waje wenye uzoefu. Mimi nimekaa pale.

FundiRola

Shikamooni wakubwa. Dada, hii ndiyo kazi yangu, natengeneza mashine za jimu na za majumbani hapa Dar. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Tuanze na hiyo HP, yaani nguvu ya mota, maana ndipo watu wanapopigwa. Kuna nguvu ya kilele, ambayo mota inaitoa kwa muda mfupi sana ikibanwa, na kuna nguvu ya kudumu, ambayo inaweza kuifanyia kazi saa nzima bila kuungua. Ya kudumu huandikwa CHP. Ile stika kubwa nyekundu kwenye boksi karibu siku zote ni kilele. Sasa piga hesabu: HP moja ni wati 746, kwa hiyo HP 5 ni zaidi ya wati 3,700. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 230 hizo ni wati 3,000 kasoro kidogo. Hiyo HP 5 ya kudumu inapitia wapi?

Usibishane na muuzaji. Mwombe afungue kifuniko cha mbele, ni skrubu chache tu. Mota ina kibati chake kimegongwa volti na ampea. Zidisha, kisha gawa kwa 746. Mota ya DC (ya umeme wa mkondo mmoja) ya volti 180 na ampea 8 inakula wati 1,440, hata HP 2 haifiki, ingawa kwenye boksi utakuta 4. Ni makadirio, lakini kibati cha mota hakiandikwi na mtu wa mauzo.

Halafu kuna jambo la mzee wako. Watu wengi wanadhani kutembea ni kazi nyepesi kwa mashine kuliko kukimbia. Mtu mzito anayetembea kwa kasi ya kilomita 2 au 3 kwa saa ndiye anayeitesa mota ya DC kuliko wote. Inazunguka polepole, feni yake haipulizi hewa ya maana, na uzito wote unaukandamiza mkanda, ule unaoukanyaga, kwenye ubao ulio chini yake muda mrefu kila hatua. Umeme unavutwa mwingi, joto halina pa kutokea. Mimi nikiletewa mashine imeungua bodi, ile saketi inayoendesha mota, swali la kwanza ni nani anaitumia na anatembea kasi gani.

Kwa kilo 108 usichukue mashine iliyoandikwa mwisho kilo 110. Tafuta ya 130 kwenda juu. Na iulize yenyewe ina kilo ngapi, maana mashine ya kilo 35 itatikisika mkianza kukimbia. Upana wa mkanda sentimita 42 hadi 45 unatosha kwa kutembea. Wewe unayekimbia angalia urefu, chini ya sentimita 120 utakuwa unakimbia kwa hofu ya kukanyaga nje.

Spika, skrini kubwa, kikandio: unalipia vitu vinavyokufa mwanzo. Hela hiyo ihamishie kwenye mota.

Dereva_Kirikuu

Mimi naongezea la usafiri. Tumezibeba sana hizi. Wengi wanainua kwa kushika kile kifuniko cha plastiki cha mbele, kinapasuka siku ya kwanza. Shika chuma cha fremu, watu wawili wenye nguvu au watatu. Kama ni ya kukunja, ifunge kamba kabla ya kupakia, lile deki la kukanyagia likifunguka njiani linamkata mtu mkono. Na msiilaze juu ya skrini.

Sista_Zawadi

Mimi ni muuguzi, nampa dada la upande wangu. Mume mwenye presha asianze na kukimbia, na kama anatumia dawa amuulize daktari wake kasi gani inamfaa. Waliowahi kupimwa moyo kwa kupandishwa kwenye mashine wanajua kile kipimo cha Bruce: kinaanza kasi ya kilomita 2.7 kwa saa tu, lakini mwinuko ni asilimia 10. Kila dakika 3 vyote vinaongezwa. Ikifika hatua ya tatu kasi ni kilomita 5.5, bado ni kutembea, na watu wazima wengi wameshalowa jasho. Kwa hiyo mashine yenye mwinuko wa kujipandisha yenyewe ni bora kwake kuliko yenye kasi ya 16 ambayo hamtaigusa.

Ila asishike vyuma vya mkononi muda wote huku mwinuko uko juu. Ukining'inia pale kazi inafanywa na mikono, na namba ya kalori kwenye skrini inakudanganya.

FundiRola

Sista umenena, na kwa mashine pia ni nafuu. Mkanda ukiwa umeinuka, uzito wa mtu wenyewe unasaidia kuuvuta kurudi nyuma, mota kubwa inapumua. Mwinuko una mota yake ndogo. Dukani uipandishe mpaka mwisho, uishushe mpaka mwisho, mara mbili, huku umesimama juu yake. Zipo zinazopanda zikiwa tupu tu.

Profesa_Kibarazani

Mnajua hizi mashine zilianzia jela? Uingereza, 1818, injinia William Cubitt alitengeneza gurudumu la ngazi, wafungwa wanapanda kutwa nzima hawafiki popote, baadhi ya magereza wakawa wanasagia nafaka. Leo mtu anatafuta milioni 2 ajifunge mwenyewe sebuleni. Ya nyumbani kama tunazozijua aliileta Mmarekani William Staub mwishoni mwa miaka ya 1960, naye alikuwa injinia. Haya endeleeni.

Mama_Kimara

😂 Profesa umeniharibia hamu. FundiRola asante sana, hilo la kibati sijawahi kulisikia. Na mtumba je? Kuna mtu Mbezi Beach anahama anauza ya kutoka Marekani, bei nusu ya dukani, inaonekana mpya kabisa.

FundiRola

Ya kutoka Marekani? Kabla hujasema lolote lingine, chungulia kibati cha karibu na swichi ya kuwashia. Kama kimeandikwa volti 120, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utasikia mlio mmoja na moshi. Hiyo basi. Nyingine "zinaonekana mpya kabisa" kwa sababu zimekaa stoo zikisubiri mtu wa kuziuzia.

Mbeya_Minnesota

Hapa umenigusa mkuu. Mimi niko Minnesota, baridi la huku miezi mitano huwezi kukimbia nje, kwa hiyo nyumba nyingi zina tredmili kwenye chumba cha chini. Nataka kuweka yangu kwenye kontena impelekee mama Mbeya. Si nitanunua tu transfoma ya kushusha umeme?

FundiRola

Inawezekana, lakini sikushauri. Mashine za huko zinavuta mpaka ampea 15 kwa volti 120, hizo ni wati 1,800, na mota ikianza inavuta zaidi. Utahitaji transfoma ya VA 3,000, zito kama mfuko wa nusu wa simenti, linapata moto na linavuma. Lile dogo la kushushia umeme wa blenda litaungua siku hiyo hiyo. Mota kubwa ya DC haijali kama umeme ni wa hezi 60 au 50 kwa sababu bodi inaugeuza kwanza. Ile ya mwinuko mara nyingi ni ya AC, inatumia umeme wa ukutani kama ulivyo, itapanda kwa kusuasua. Na siku bodi ikifa, ya volti 120 hapa hutaipata kirahisi. Iuze huko huko, mtumie mama hela anunue ya 230.

Bin_Seif

Assalaam alaykum. Miye niko Maskati, asili yangu Unguja. Kama mtu ana jamaa huku Omani au Dubai, hiyo ndiyo njia ya mtumba. Umeme ni 220 mpaka 240, plagi ni hizi hizi za pini tatu, hakuna transfoma. Joto la kiangazi hapa hata jioni huwezi kutembea nje, watu wananunua mashine, na wageni mikataba ikiisha wanauza bei ya kutupa ili wawahi ndege. Nimemtumia ndugu yangu Bububu kwa kontena, inafanya kazi mpaka leo.

Ila nawaambia wa pwani: chumvi. Ndugu yangu aliiweka barazani apate upepo wa bahari. Haukupita muda bolti za rola la nyuma, ule mche unaozungukiwa na mkanda, zikashika kutu, ilipohitajika kukazwa mkanda ikabidi zikatwe. Iwekwe ndani. Jasho nalo ni chumvi, ufute vyuma kila ukimaliza.

Mama_Kimara

Nimempigia wa Mbezi Beach akaangalie. Volti 120 kweli. Nimeachana naye.

Je, nikienda kuona mtumba mwingine wa volti 230, naujaribuje?

FundiRola

Nenda na raba zako na tochi ya simu. Usikubali kuoneshwa ikizunguka tupu, mashine mbovu nyingi zikiwa tupu zinaimba vizuri.

Kwanza ikiwa imezimwa na kuchomolewa, inua ukingo wa mkanda katikati, umulike chini. Upande wa chini wa mkanda unatakiwa uwe na zile nyuzi zilizofumwa. Ukiukuta umekuwa laini unang'aa kama kioo, mkanda umekwisha. Pitisha kiganja kwenye ubao pale miguu inapotua. Ukihisi mtaro au umechubuka mpaka mbao inaonekana, ubao umekwisha. Mkanda na ubao vikifa pamoja, bei ya kuvibadilisha inaweza kukaribia bei ya mtumba wenyewe. Baadhi ya mbao zinageuzwa upande wa pili, lakini usinunue kwa kutegemea hilo.

Kisha iwashe, kasi ya 2, panda, shika vyuma, ujaribu kuuzuia mkanda kwa miguu. Mwenzako awe amefungua kifuniko anaangalia mbele bila kugusa. Mkanda ukisimama huku rola la mbele linazunguka, mkanda umelegea. Rola likisimama huku mota inazunguka, ni ule mkanda mdogo wa mota, na huo ni bei ndogo. Vyote vikigoma na mota ikanguruma, anza kupunguza bei au ondoka.

Mwisho, tembea juu yake angalau robo saa. Matatizo ya joto hayaonekani kwa dakika mbili.

Mhasibu_wa_Luku

Hakuna aliyezungumzia umeme. Tuseme inavuta wastani wa wati 700 mtu akitembea. Dakika 40 ni karibu nusu unit. Siku 20 kwa mwezi ni unit 9 na ushee. Kwa T1, kundi la bei ya kawaida ya umeme, ambapo unit inacheza kwenye 356 na makato yake, ni kama 3,300 kwa mtu mmoja. Wawili zidisha mara mbili. Chini ya ada ya jimu yoyote.

Hatari iko kwa walio D1, wale wa unit 75 kwa mwezi kwa bei ya chini. Kama mlikuwa mnagusa unit 65, watu wawili wakiongeza 18 mmeshavuka. Zinazozidi mnalipia 350, na mkizoea kuzidi mnahamishwa T1 kwa matumizi yote, friji, taa na pasi. Hapo mashine haijala 3,300 tena, imewapandishia bili ya nyumba nzima.

Mama_Kimara

Sisi T1 tangu zamani, tulishazoea maumivu. Umeme wetu shida yake ni kukatika na kurudi.

FundiRola

Basi hapo sikiliza. Bodi haiuawi na umeme kukatika, inauawa na umeme kurudi. Ukikatika ukiwa juu, shuka, zima swichi ya mashine, chomoa. Usiiache imechomekwa ikisubiri umeme urudi. Ukipata kile kifaa cha kulinda friji, angalia ampea: cha ampea 5 ni cha friji kweli, hapa unataka cha 13 au zaidi. Umeme ukiwa mdogo muda wote, taa zinafifia usiku, hapo ni stebilaiza, na isiwe ya chini ya VA 3,000.

Soketi yake iwe ya ukutani moja kwa moja, yenye ethi. Zile ekstensheni nyembamba zenye matundu manne zinayeyuka. Ukizigusa baada ya nusu saa utanielewa. Inveta za bei rahisi na majenereta madogo ya mkono, msijaribu.

Mkaazi_wa_Umoja

Sasa wadau, niko Nairobi, nyumba ya ghorofa, orofa ya nne. Nilianza kukimbia saa kumi na moja asubuhi, jirani wa chini akaja mlangoni na shuka amejifunga. Mkeka wa mpira mzito chini yake umesaidia, ile mikeka mizito ya jimu, lakini kilichosaidia zaidi ni kuihamisha kutoka katikati ya chumba hadi karibu na ukuta wa nguzo. Kukimbia sasa nafanya jioni, asubuhi natembea tu. Na mupime dari kabla ya kununua: deki yenyewe iko juu sentimita 15 au 20, ongeza mwinuko, ongeza kuruka kwako. Jamaa mrefu atagonga kichwa.

Baba_Pacha

Naomba nizungumzie watoto kwa sababu naona dada ana familia. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton iliziondoa sokoni mashine zake za kukimbilia za Tread+, kama 125,000, baada ya mtoto kufariki Marekani na ripoti nyingi za watoto na hata wanyama wa nyumbani kuvutwa chini nyuma ya mashine. Wangu wana miaka minne, kila kitu kinachozunguka ni mchezo.

Ule ufunguo mwekundu wa sumaku, wenye kamba ya kubana kwenye nguo, wengi wanauacha kwenye mashine. Sisi ukimaliza unatoka na ufunguo, unawekwa juu ya kabati, na plagi inachomolewa. Nyuma ya mashine acheni mita 2 wazi, pembeni nusu mita kila upande. Ukiisogeza ukutani na ukateleza, mkanda unakubana kati yake na ukuta huku unazunguka. Majeraha ya mkanda ni ya kuunguza, siyo ya kukwaruza.

Mama_Kimara

Nimekuelewa kabisa baba pacha. Tunaye wa miaka sita.

Leo nimerudi Kariakoo na mume wangu. Duka la kwanza, ile ya laki tisa, nimeomba kifuniko kifunguliwe, kijana akasema nikifungua waranti inakufa. Nikamwambia sinunui, afungue yeye mwenye duka. Akagoma, nikaondoka. Duka la pili mzee wa makamo akachukua bisibisi bila neno. Ile ya milioni moja na laki nane kibati kinasema volti 180, ampea 10. Nimezidisha mwenyewe pale pale, 1,800, gawa kwa 746, inakuja kama 2.4. Mzee akacheka, akasema mimi ni mteja wa kwanza kumsomea mota. Mwisho kilo 140, mashine ina kilo 68, mwinuko unajipandisha. Mume wangu ametembea juu yake robo saa nzima dukani watu wanapita wanamwangalia. Akaipandisha mwinuko na kuushusha, haikugoma. Tumeelewana milioni moja na laki sita na nusu, na chupa ya mafuta.

FundiRola

Hongera. Hiyo 2.4 ya kwenye kibati ni halali kuliko 4 ya boksi. Mzee asitembee chini ya kasi ya 3 kwa muda mrefu, akitaka taratibu apandishe mwinuko.

Chupa ya mafuta isome vizuri, iandikwe silikoni asilimia 100. Nieleze hapa maana ndiyo matunzo yenyewe, mengine ni usafi.

Mkanda haubebwi na rola, rola ziko mbili tu, mbele na nyuma. Mkanda unasuguana na ubao muda wote, na uzito wako uko juu. Ukikauka, mota inavuta ampea zaidi, bodi inapata moto, transista zake zinapasuka. Nusu ya bodi ninazobadilisha zimeuawa na ukavu. Bodi mpya inaweza kuwa laki kadhaa, chupa ya mafuta haifiki hata robo ya hapo, na mtu anaikwepa.

Kitabu cha mashine kikuongoze kwanza, maana zipo chache ambazo ubao wake una nta na hazitaki mafuta kabisa. Kama yako inataka, wengi wanasema kila miezi 3. Mimi siangalii kalenda. Zima, chomoa, isubiri ipoe, inua ukingo wa mkanda, ingiza vidole mpaka pale miguu inapotua. Vikitoka na utelezi, acha. Vikitoka vikavu au na unga mweusi, weka. Mililita 10 hadi 15 kila upande, mstari mmoja mrefu chini ya mkanda, kisha tembea kwa kasi ya 3 au 4 dakika chache ukihama kushoto na kulia yaenee. Ukizidisha, mkanda utateleza kwenye rola na vumbi litashika.

Siyo WD-40, siyo mafuta ya cherehani, siyo oili ya pikipiki. Zinalegeza mkanda. Na siyo mafuta ya kupikia. Mnacheka, lakini nimefungua mashine moja inanukia vitumbua, mafuta yamegeuka gundi, kucha zimenata.

Kifuniko cha mbele fungua kila baada ya miezi michache, mashine ikiwa imechomolewa na umekaa dakika kadhaa umeme wa kwenye bodi uishe. Vumbi na nyuzi za kapeti zinajaa kwenye mota. Brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi, siyo kitambaa kibichi. Na raba za kupandia zisitoke nje, kokoto moja ndogo chini ya mkanda inachimba mtaro.

Chalii_wa_Moshono

Mimi niliyesema barabara ni bure nauliza kwa niaba ya rafiki: mkanda ukihamia upande mmoja unarudishwaje?

FundiRola

Mpe salamu huyo rafiki. Nyuma kuna bolti mbili, kushoto na kulia, na alenki iliyokuja kwenye boksi. Hakikisha kwanza mashine imekaa sawa sakafuni, mara nyingi ni mguu mmoja tu umelegea. Kisha iendeshe kasi ya 5, tupu, bila mtu. Mkanda ukienda kulia, kaza bolti ya kulia robo mzunguko tu kwenda mwelekeo wa saa, subiri nusu dakika uone. Ukienda kushoto, bolti ya kushoto. Usizungushe mzunguko mzima kwa papara, utaukuta umekwenda upande wa pili na kingo zimeanza kulika. Nywele na shali vikae mbali.

Mzee_wa_Tegeta

Haya, sasa na mimi. Ninayo moja, nilipewa na mwanangu, iko chumba cha wageni. Ikizunguka tupu haina tatizo. Nikipanda tu inasita, kama inashtuka kila nikitua mguu. Nimekaa pale muda wote nikisubiri mtu aulize hili, hakuna aliyeuliza.

FundiRola

Shikamoo mzee. Mara ya mwisho kupakwa mafuta lini? Na ukiinua mkanda katikati unapanda sentimita ngapi?

Mzee_wa_Tegeta

Marahaba. Mafuta nimeweka wiki iliyopita, silikoni. Mkanda nimeuinua sasa hivi, unapanda kiganja kizima, mpaka naona ubao wote.

FundiRola

Umelegea, mzee. Unatakiwa uinuke sentimita 5 hadi 7. Chomoa mashine, kaza bolti zote mbili za nyuma kwa kiasi sawa, robo mzunguko kulia, robo kushoto, kisha ichomeke, panda juu ujaribu. Ikisita bado, ongeza robo nyingine pande zote. Iache pale pale inapoacha kusita, usiendelee kukaza kwa kuogopa, bearing za rola hazipendi mkanda ulionyooka kama gitaa. Robo tatu kila upande zikishindikana, nitumie ujumbe wa ndani nije niangalie ule mkanda mdogo wa mota.

Mzee_wa_Tegeta

Robo mbili kila upande. Imeacha.